Glasi ya Mlangoni

Sehemu ya tisa

Krrak!

Ndiyo, ni mlio uleule. Wiki iliyopita tuliachana hapo, na tangu siku hiyo sijapata amani. Mama mmoja wa Lubuye alinikamata sokoni, akanishika shati: "Papa mwandishi, alikunywa ama hakukunywa?" Nikamwambia asubiri gazeti. Akaniambia nilile hilo gazeti langu. Haya Mama, na ninyi wengine msio na subira, shikeni.

Aliyefungua chupa ni Papa Kyungu, baba mdogo wa bwana harusi na ndiye aliyemlea, mwenye depo ya maji ya chupa karibu na bandari. Aliifungua sebuleni kwa wakwe, mtaa wa Kataki ya juu mjini Kalemie, Jumamosi mchana kweupe, mbele ya watu arobaini waliovaa nguo zao za maana. Na mezani mbele yake palikuwa na glasi ya maji ya nyumba hiyo, imejaa, hajaigusa.

Kwa aliyeanza kusoma leo, nieleze upesi. Katika ukoo wa Papa Onésime, baba wa binti, siku ya mahari haianzi kwa maneno. Huanza kwa glasi moja ya maji kutoka ndani ya nyumba ya binti. Mkubwa wa upande wa mwanamume akiinywa yote, mlango umefunguka, watu waongee. Akiikataa, au ikimwagika, wageni huaga na binti hubaki kwao. Hakuna rufaa.

Chupa ilikuwa imeshafika mdomoni mzee alipoona sebule nzima imemkodolea macho.

"Nini?" akauliza. "Ni kiu tu."

"Kiu!" Mama Pétronille alisimama. Huyu ni shangazi yake Reine, binti anayeolewa, na ndiye mlinzi wa mila katika nyumba hiyo. Akisema kaeni, hata mbuzi wa mahari hukaa. "Papa Kyungu, tumekupa maji yetu, wewe unatoa yako ku mufuko? Unataka kusema siye tuko walozi?"

"Hapana, Mama. Ulozi hapana. Ni robine njo siiamini."

Heri angesema walozi kuliko kuligusa bomba.

Maana Papa Onésime, baba wa Reine, alikuwa amekaa kimya hadi hapo kama inavyompasa baba siku hiyo. Lakini kwa miaka ishirini na saba, yeye ndiye anayetia na kupima dawa kwenye maji ya mji, kule kituoni. Kila bomba la Kalemie analihesabu kuwa mtoto wake. Ukimtukana yeye atacheka. Ukiyatukana maji yake, tafuta njia ya kutokea.

"Rudilia," alisema Papa Onésime.

"Papa mukwe, usikasirike..."

"Mimi si mukwe wako bado. Rudilia."

Papa Kyungu angeweza kuomba msamaha hapo, mambo yakaisha. Lakini mfanyabiashara ukimwambia arudie, hurudia kwa sauti ya sokoni.

"Nasema, robine yenu ililala siku mbili. Alhamisi, Ijumaa, hata tone. Mji muzima ulikuja kwangu ku depo. Na ikitoka, inanuka javel! Wewe njo fundi, niambie: ile ni maji ya kukunywa ama ya kufulia mashuka?"

Upande wa bwana harusi ukacheka. Wangejua, wasingecheka.

"Umeme ulikatika, pompi ikasimama," alisema Papa Onésime, akiinuka polepole. "Siku mbili sikulala kwangu. Leo saa kumi na mbili asubuhi pompi imeamka, na dawa nimeitia mwenyewe na huu mukono. Ile harufu unaisema, njo mulinzi wa maji. Chupa yako, mulinzi wake nani? Imevuka ziwa ndani ya boti toka Kigoma, imelala bandarini wiki mbili, jua inaipiga mupaka plastiki inalia. Halafu unafungua krrak, unasema safi!"

"Iko na kifuniko!"

"Hata jeneza iko na kifuniko."

Sasa ukacheka upande wa binti, na mzee mmoja akapiga goti lake kwa furaha.

"Na bukari, ule ugali wa kwenu, munapikaka na chupa?" Papa Onésime alikuwa amepata moto. "Mboga munaoshaka na chupa?"

"Bukari inachemka," alijitetea Papa Kyungu.

"Na meno asubuhi? Nayo inachemka?"

Ndugu msomaji, ubishi huu unaujua. Pengine umeufanya leo asubuhi. Kila nyumba ya Kalemie ina mtu wa chupa na mtu wa bomba, na chupa za wa kwanza huishia kubeba mawese ya wa pili. Siku nyingine ni mchezo tu. Siku hiyo, nyuma ya pazia la chumba cha pili, Reine alikuwa amekaa kitandani ndani ya kitenge kipya, anasikia kila neno. Alikuwa analia kwa kichwa kilichoinuliwa, ili machozi yasiharibu kazi ya saa mbili ya yule aliyempamba.

Miaka minne ameisubiri siku hii. Banza wake, mwalimu wa hesabu, alikuwa nje kwenye gari pamoja na rafiki yake Papy, kwa sababu bwana harusi haingii mpaka glasi inywewe. Kama wazee hawa wawili wangeendelea hivi, angegeuza gari na kurudi kwao, na mapenzi ya miaka minne yangekufa kwa sababu ya harufu ya javel.

"Nitakuonyesha," alisema Papa Onésime.

Akaingia chumbani, akatoka na kisanduku cha kijivu cha kazini. Ndani mna mrija mfupi wa kioo wenye kizibo, na vidonge vidogo kuliko punje ya mchele. Unatia maji, unatia kidonge, unatikisa, unaangalia rangi.

Na hapa ndipo makosa yote ya siku hiyo yalipozaliwa, maana Papa Onésime ana tabia mbaya ya mafundi: huonyesha kwanza, hueleza baadaye.

Alianza na chupa ya Papa Kyungu. Akamimina kidogo kwenye mrija, akatia kidonge, akatikisa, akauinua dirishani. Maji yalibaki yalivyo, meupe.

"Munaona?" akasema kwa ushindi.

Waliona. Ila waliona kitu kingine.

"Safi!" upande wa bwana harusi ulilipuka. "Safi kabisa! Hata doa!" Makofi yakapigwa. Papa Kyungu akanyoosha koti lake kama aliyeshinda uchaguzi.

"Ngojeni, hamujaelewa," alisema Papa Onésime, lakini nani alimsikia? Akatabasamu. Ya nini kupigana na kelele? Akishapima maji ya glasi watanyamaza wenyewe, na yeye atatoa ile hotuba aliyoitunza tumboni miaka ishirini na saba. Akamwaga ya chupa, akasuuza mrija kwa maji ya glasi, kisha akautia kiasi kidogo cha maji hayo. Kidonge. Akatikisa. Dirishani.

Meupe.

Akatikisa tena, kwa nguvu.

Meupe.

"Nayo safi!" Mama Pétronille alipiga kigelegele kilichoamsha kuku wa jirani. "Zote mbili sawasawa! Mulikuwa munagombania nini?"

Sebule nzima ikacheka, watu wakapeana mikono kuvuka meza. Amani imerudi! Mtu mmoja tu alikuwa amesimama dirishani, jasho linamtoka.

Kidonge kile, msomaji wangu, kazi yake ni kuitafuta dawa. Dawa ikiwemo, maji hugeuka rangi ya waridi. Isipokuwemo, hayageuki. Maji ya chupa hayakugeuka, na si ajabu, yenyewe husafishwa kwa njia nyingine na kufungwa. Lakini maji ya bomba, ambayo Papa Onésime aliyatia dawa kwa mkono wake asubuhi hiyohiyo, yawezaje kukosa rangi?

Hayawezi. Kwa hiyo yale hayakuwa maji ya bomba.

Alimtafuta mkewe kwa macho. Mama Rosine alikuwa kwenye mlango wa jikoni, na alipoona macho ya mumewe, akaanza kupangusa sahani iliyokuwa kavu. Papa Onésime akamfuata.

"Rosine. Hii maji imetoka wapi?"

"Ku mutungi."

"Na mutungi uliijaza na nini?"

Sahani ikapanguswa tena.

"Robine ya kwetu haijatoka, Onésime. Ku mji imefika, huku juu bado. Siye njo wa mwisho kila siku, unajua."

Alijua. Miaka ishirini na saba amewaeleza watu wa Kataki ya juu kwamba mabomba hujaa kuanzia chini, wao wawe wavumilivu. Haikuwahi kumjia akilini kwamba na yeye anakaa Kataki ya juu.

"Basi ni maji gani?"

"Ya ziwa. Tangu Alhamisi. Nimeichuja na kitambaa mara mbili."

"Uliichemsha?"

"Na nini? Makaa yote iko chini ya masufuria ya wageni!"

"Rosine! Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningesema nini?" Sasa Mama Rosine alikuwa na machozi. "Siku ya mahari ya mutoto, nyumba ya Papa Onésime wa maji haina maji? Wakwe wangetucheka mupaka Manono."

Mimi simlaumu. Nani kati yetu hajawahi kuficha sufuria iliyotoboka mgeni anapoingia? Lakini ulikuwa msimu wa mvua, na mvua ikinyesha Kalemie, kila kitu cha mitaani huteremkia ziwani. Kipindupindu hakiulizi kama umechuja kwa kitambaa.

Kule sebuleni, Papa Kyungu alikuwa ameinuka. Si mtu mbaya yule mzee. Aliiweka chupa yake chini ya kiti, mbali, kama anayevua kofia kanisani.

"Nimeona na macho yangu," alisema. "Kama maji yenu ni sawa na ya chupa, mimi nilikosa, na naomba musamaha. Leteni glasi."

Mama Pétronille akamkabidhi kwa mikono miwili, kisha akainua kidole juu. Kidole hicho maana yake ni moja: glasi ikiwa mkononi mwa mkwe, hakuna anayesema neno mpaka ifike chini. Watu arobaini wakanyamaza.

Papa Onésime alirudi mbio sebuleni akakuta ukimya huo.

Tumpe nafasi ya kufikiri, ijapokuwa yeye hakuipata. Akinyamaza, pengine hakuna litakalotokea. Wangapi wamekunywa maji ya ziwa wakazeeka? Harusi itapita, Reine ataolewa na Banza wake, jina la fundi litabaki jina. Akisema, anavunja mila kwa mdomo wake, anamwaibisha mkewe mbele ya wakwe, na anajivua nguo mwenyewe. Mimi ningefikiri mpaka jioni.

Glasi iligusa mdomo wa Papa Kyungu.

"Usikunywe!"

Papa Onésime aliruka juu ya meza ndogo, akampiga mkwe mkononi. Glasi ikaruka. Maji yote yakamwagika kwenye tumbo la Papa Kyungu, ndani ya suti aliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo moja.

"Imemwagika!"

Viti vikaanguka. Nyuma ya pazia ukasikika ukelele mmoja wa Reine, ukakatika ghafla kama aliyeziba mdomo kwa mto. Mama Pétronille alikaa chini sakafuni, mikono kichwani.

"Onésime, ndugu yangu! Umefunga mulango ya mutoto wako na mukono yako mwenyewe!"

Upande wa bwana harusi ulishaanza kukusanya mifuko. Papa Kyungu alisimama palepale, anachuruzika. Kisha akainama, akachukua kofia yake.

"Papa Kyungu, nenda, lakini usikie kwanza," alisema Papa Onésime. "Ile ilikuwa maji ya ziwa. Haikuchemka, haiko na dawa. Ile rangi ikikataa kutoka, si usafi. Ni kwamba mulinzi hayuko. Nilitaka kuwafasiria, mukapiga makofi. Mimi mwenye kusifu robine, robine ya kwangu imekauka. Cheka ukitaka. Lakini siwezi kumupa muntu kipindupindu ndani ya nyumba yangu, hata kama ni juu ya ndoa ya mutoto wangu."

Mama Rosine alijifunika uso na kitenge. Mtu wa kucheka hakupatikana.

Papa Kyungu aliigeuza kofia mikononi, akaigeuza tena. Halafu akafanya jambo ambalo hata mimi ninayeandika sikulitegemea. Alikaa.

"Mvua iliyopita," alianza kwa sauti ndogo, "nilibebwa ku kituo cha kipindupindu. Siku tatu. Munakijua kile kitanda? Kiko na tundu katikati, na ndoo chini. Mimi Kyungu, mwenye depo! Nakunywaka chupa asubuhi, nakunywaka chupa jioni, na nililala juu ya ile tundu. Mupaka leo sijui niliitoa wapi. Pengine mboga. Pengine mikono. Nilisema kwa watu nimesafiri Moba, juu ya biashara yangu."

Ndugu zake wakatazamana. Kumbe ile safari ya Moba!

"Tangu pale naogopa kila glasi. Leo nimekataa maji yenu juu ya woga, si kiburi. Sasa niambieni. Watu wa kunipa maji, nimewaona wengi. Muntu wa kunipokonya, na ndoa ya mutoto wake iko mulemule ndani ya glasi, nimemuona leo." Akaweka kofia juu ya goti. "Huyu njo mukwe. Mimi hapa sitoki."

Sitaficha kwamba hapo niliweka kalamu chini kidogo nikavuta pumzi.

Watu wakaanza kuinua viti. Lakini Mama Pétronille, bado sakafuni, alikuwa ameshainua kidole.

"Imemwagika. Mila ni mila. Maji ya nyumba ikimwagika, mulango umefungwa."

"Maji ya nyumba, ndiyo, Mama," alisema Papa Kyungu. "Lakini hii haikuwa ya nyumba. Ilikuwa ya ziwa. Ilikuwa mugeni hapa, kama mimi."

Kicheko kilichofuata kilitikisa madirisha. Mama Pétronille aliinuka kutoka sakafuni, akajikung'uta.

"Sawa," akasema. "Glasi nyingine. Lakini maji itoke mule ndani. Chupa hapana!"

Bomba kavu, ziwa hatari, chupa marufuku. Mngefanyaje? Papa Onésime alienda jikoni, akauvuta mtungi mbele ya watu wote, akapima dawa kwa kijiko chake cha kazini, akakoroga, akafunika. Kisha akavua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya kifuniko.

"Dakika makumi tatu," akasema. "Dawa haina haraka ya harusi."

Nusu saa! Na kwa mila, kabla ya glasi hakuna ruhusa ya kuongea mahari, ndoa, wala watoto. Mngewaona basi, watu arobaini ndani ya suti na vitenge, wamekaa kuuzunguka mtungi kama wanaulinda usitoroke. Waliongea mpira ukaisha. Waliongea njia ya Nyunzu, na matope yake, nayo ikaisha. Mwishowe wakarudi kwenye maji, ila safari hii bila meno.

Papa Kyungu aliomba aelezwe kidonge kile kinavyofanya kazi. Akaomba aelezwe tena. Akauliza kama kisanduku cha namna hiyo kinaweza kupatikana kwa ajili ya depo, apime maji anayooshea mikono. Papa Onésime, aliyesubiri swali hilo miaka ishirini na saba, alieleza mpaka mkewe akamkanyaga mguu.

"Na mimi nitatuma katoni mbili kule kwenu ku kituo," alisema Papa Kyungu. "Siku pompi ikilala, mutakunywa nini?"

"Leta jioni," alisema Papa Onésime, "watu wasione."

Dakika ya thelathini alipima. Mrija ukainuliwa dirishani, na mbele ya macho ya wote maji yakageuka waridi, waridi ya kitenge cha sikukuu. Sasa kila mmoja alijua maana yake. Vigelegele! Papa Kyungu akapokea glasi kwa mikono miwili, akafumba macho kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo, akaimaliza yote, akaigeuza juu chini. Halikudondoka hata tone.

"Inanuka javel," akasema.

"Asante," alijibu Papa Onésime, na ilimtoka moyoni.

Mlango ulikuwa umefunguka. Wazee wakakumbatiana, suti mbichi kwa suti kavu. Mama Rosine akatoa uso kwenye kitenge. Nyuma ya pazia Reine alisikika akicheka na kupenga kamasi kwa wakati mmoja. Kiti cha bwana harusi kikawekwa katikati ya sebule, kimefunikwa kitambaa cheupe.

"Banza aingie!" aliita Mama Pétronille.

Hakuna aliyeingia.

"Banza, mutoto wetu, aingie!"

Aliyeingia ni Papy, peke yake, ameshika koti la rafiki yake mkononi.

"Yuko wapi?" aliuliza Papa Kyungu.

"Kwa jirani, huku nyuma. Ku choo."

Sebule ikacheka. Woga wa bwana harusi! Mzee mmoja alisimulia kwamba naye siku yake miguu ilikataa kabisa kuingia. Papy hakucheka.

"Ni mara ya sita, Papa. Mimi pia nilifikiri ni woga. Lakini sasa inatoka maji tu, na kusimama hawezi. Ananiambia miguu yake inakazana."

Kicheko kilikufa. Papa Kyungu alikuwa wa kwanza kuinuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekiona tena kile kitanda chenye tundu.

"Amekula nini?" aliuliza Papa Onésime.

"Tangu asubuhi hakula kitu."

Pazia la chumba cha pili likavutwa. Reine alikuwa amesimama pale na kitenge chake kipya, na kazi yote ya saa mbili usoni ilikuwa inateremka.

"Papa," alisema. "Jana mchana Banza alileta viti. Jua ilikuwa kali. Aliniomba maji."

Mama Rosine akaanza kutikisa kichwa: hapana, hapana.

"Ulimupa ya wapi?" baba aliuliza, ingawa alijua.

"Ya mutungi. Vikombe viwili. Alitaka kimoja tu. Cha pili nilimulazimisha mimi."

Papa Kyungu alishatoa ufunguo wa gari lake. "Ku gari kuna katoni nzima ya chupa," alisema, na mtu wa bomba akajibu bila kufikiri: "Lete yote! Rosine, sukari na chumvi, upesi!" Wakatoka wote wawili wanakimbia, mmoja na ndoo, mmoja na ufunguo, wanasukumana mlangoni.

Reine akakunja kitenge mkononi ili awafuate. Mama Pétronille akasimama katikati ya mlango, mikono imepanuliwa.

"Wewe hapana! Binti hatoki mupaka bwana akae ku kiti chake, na mimi nimuite. Ukivuka hapa kabla sijakuita, hii ndoa haiko tena. Baba yako amenivunjia mila moja leo. Ya pili sikubali."

"Basi niite, Tantine," alisema Reine. "Niite sasa."

Mama Pétronille alifungua mdomo. Akatazama kile kiti chenye kitambaa cheupe, kitupu, katikati ya sebule. Huko nyuma ya nyumba ya jirani, sauti ya Papa Onésime ilikuwa inapaza jina la Banza, na Banza haitiki.

Sauti ya shangazi haikutoka.

Reine alivua viatu, akavuka.